Riwaya ya upelelezi ihamishwe, isinakiliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa Mbeya na Iringa wanaotamani kuzigeuza riwaya zetu za upelelezi kuwa filamu. Kabla hamjagusa skripti, itazameni filamu ya Coup de torchon ya Mfaransa Bertrand Tavernier, ya mwaka 1981.

Riwaya iliyozaa filamu hiyo, Pop. 1280 ya Mmarekani Jim Thompson (1964), inasimuliwa na sherifu wa wilaya moja ya kusini mwa Marekani. Tavernier na mwandishi mwenzake wa skripti, Jean Aurenche, waliihamishia Afrika Magharibi ya Wafaransa, mwaka 1938, wakashuti Senegal. Sherifu akawa Lucien Cordier, polisi wa kikoloni anayedharauliwa na kila mtu mpaka anapoanza kuua. Uoza wa ukoloni ukakaa mahali pa uoza wa riwaya, na hadithi ikapata mzizi mpya. Halafu tazameni mwanga: uhalifu mwingi uko kwenye jua kali, si gizani. Na Philippe Noiret, anayemwigiza Cordier, hachekeshi kwa makusudi hata mara moja. Anatamka mambo ya kutisha kwa upole, ndiyo maana mtu anacheka huku moyo umemsuta. Sisi tungeweka muziki wa vichekesho, tukaua kila kitu.

Basi kisa cha Dar es Salaam kinaweza kuhamia Tukuyu au Mufindi, jua likawa ukungu. Ila ukungu una masharti. Tukio moja lishutiwe alfajiri kadhaa mfululizo, kwa saa zilezile. Ukiendelea wakati jua limeshatoka, vipande havitaungana. Kamera ikitoka kwenye baridi kuingia chumba chenye jiko la mkaa, lenzi hushika mvuke; iacheni ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba. Mvua juu ya bati humeza mazungumzo yote. Tandazeni magunia juu ya paa, mlio utapungua.

Hakimiliki msiifanyie mzaha. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, kazi hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwandishi, au warithi wake, watoe ridhaa ya maandishi kabla skripti haijaanza, itaje muda, malipo, na kama inahusu filamu moja tu au na tamthilia ya televisheni pia.

Mpenzi wa filamu,
Uyole, Mbeya