Grili ya dirisha ifunguke kwa ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalonikera kazini. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti na grili za madirisha ndiyo riziki yangu, kwa hiyo asije mtu akadhani nazipiga vita. Ninayoikataa ni grili inayochimbiwa ukutani pande zote nne, kwenye kila dirisha, bila hata moja la kufunguka. Moto ukianzia sebuleni usiku, waliolala vyumbani watatokea wapi?

Wengi hudhani muda wa kujiokoa upo. Watafiti wa UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa bidhaa na moto, walitengeneza sebule mbili za majaribio: moja yenye samani za kizamani za mbao na pamba, nyingine yenye makochi ya sponji na poliesta kama tuliyonayo wengi siku hizi. Wakaziwasha moto. Ile ya kizamani ilichukua karibu nusu saa kabla ya chumba kizima kulipuka kwa mkupuo. Ya kisasa haikumaliza dakika 5. Katika dakika hizo mtu aamke, ajue kinachotokea, awaamshe watoto (na watoto wana usingizi, majaribio ya Australia na Marekani yameonyesha wengi wao hawashtuki kwa king'ora cha moshi chenye mlio mwembamba), halafu ndiyo aanze kupapasa ufunguo wa kufuli gizani!

"Fundi, na mwizi je?" Swali hilo halikosi, na ni swali la haki. Ninachofanya ni hiki. Katika kila chumba cha kulala, dirisha moja nalitengenezea grili yenye bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, kwa ndani. Komeo nalifunika kwa kipande cha bati nene, ili mkono ukipenyezwa kutoka nje usilifikie. Kufuli siweki kabisa, hata mteja akinibembeleza. Kwa nje grili hiyo haina tofauti na zile za jirani. Kuhusu ukubwa, nafuata kipimo cha kanuni za ujenzi za Uingereza: uwazi usipungue sentimita 45 kwa upana wala kwa urefu, jumla yake ifike mita za mraba 0.33, na ukingo wake wa chini usizidi sentimita 110 kutoka sakafuni. Mtu mzima mwenye mabega anapita hapo.

Nikimaliza, humwita mtoto mkubwa wa nyumba nikamwambia afumbe macho na afungue. Akishindwa, kazi haijaisha, narudia komeo. Kuna mzee aliyeniambia nawafundisha watoto kutoroka. Nikamjibu ndiyo, mzee, hasa hicho ndicho ninachowafundisha.

Wanaokaa ghorofani hali yao ni nyingine, kwa sababu dirisha la juu si la kurukia. Hao nawasihi walale milango ya vyumba ikiwa imefungwa. Katika majaribio ya watafiti hao hao, chumba kilichofungwa mlango kilibaki chini ya nyuzi 38 za Selsiasi wakati upande wa pili joto limepita 500. Mlango wa kawaida tu, si wa chuma. Aliye ndani anaziba upenyo wa chini kwa nguo, anakaa dirishani na kupiga kelele hadi asaidiwe.

Wenye nyumba za kupangisha ndio wagumu kuliko wote. Mpangaji akiomba grili moja ibadilishwe, huambiwa asubiri, kana kwamba bawaba mbili na komeo ni ujenzi mpya. Huwa nawaambia wapangaji waende wawili watatu kwa pamoja, mmoja hasikilizwi.

Na mpiga rangi akishaondoka, fungua grili hiyo mwenyewe siku hiyo hiyo, rangi ikiwa bado mbichi. Ikikaukia kwenye bawaba inagandisha, utaniita nije na nyundo.

Fundi wa kuchomelea,
msomaji wako wa siku nyingi