Nafasi za uzamivu katika baiolojia ya kuvu zipo, ila hazitafutwi zilipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwaandikie wahitimu wa baiolojia, kilimo na tiba wanaotafuta masomo ya uzamivu. Wengi wanaovutiwa na kuvu, au fangasi kama tulivyozoea kusema, hutafuta kwanza idara yenye jina hilo, na wasipoiona hukata tamaa wakidhani kwamba nafasi hazipo.

Ukweli ni kwamba kuvu hazina makao mamoja vyuoni. Anayechunguza kutu ya ngano, ugonjwa wa zao hilo unaoletwa na kuvu, yumo katika idara ya magonjwa ya mimea, anayechunguza Cryptococcus neoformans, inayowaua watu wenye VVU kwa homa ya uti wa mgongo, yumo katika kitivo cha tiba, na anayetumia hamira, ambayo nayo ni kuvu, kuielewa seli huenda asijiite kamwe mtaalamu wa kuvu. Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli zinavyomeng'enya na kutumia upya sehemu zake zenyewe, na msingi wa kazi hiyo aliujenga katika hamira. Vituo vilivyojikita katika kuvu vipo, kama Taasisi ya Westerdijk mjini Utrecht na kituo cha kuvu za kitabibu katika Chuo Kikuu cha Exeter, lakini ni vichache. Kwa hiyo mwombaji atafute kwa jina la kuvu yenyewe, la ugonjwa au la zao, kabla ya jina la idara.

Haja ya watafiti ni kubwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu, 19 kwa jumla, huku makundi ya dawa za kutibu maambukizi yanayoingia ndani ya mwili yakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sababu yake ni ya kibaiolojia: seli ya kuvu inafanana mno na yetu, hivyo ni vigumu kupata sumu itakayoiua bila kumdhuru mgonjwa. Zaidi ya hayo, viuakuvu vya kundi la azoli vinavyonyunyiziwa mashambani vimechangia usugu wa Aspergillus fumigatus, kuvu inayoshambulia mapafu, dhidi ya dawa za kundi hilohilo hospitalini, jambo ambalo mtaalamu wa kilimo au wa tiba hawezi kulitatua peke yake.

Hata hivyo, ninalotamani waombaji walipime kwa makini kuliko yote ni kuvu watakayoishi nayo kwa miaka mitatu, minne au zaidi. Hamira hugawanyika kwa takriban dakika 90 ikilishwa vizuri, na jaribio lililoharibika linaweza kurudiwa wiki hiyohiyo. Kutu ya ngano, kwa upande wake, hutunzwa juu ya mmea ulio hai, na kuvu zinazoishi ndani ya mizizi ya mimea mingi huhitaji mzizi ili kukamilisha maisha yake, kwa hiyo mtafiti hulazimika kulea viumbe viwili kwa pamoja na ratiba yake hufuata mmea. Hilo si la kumkatisha tamaa mtu, bali ni la kumuuliza msimamizi mapema, pamoja na kujua nani maabarani atakayemfundisha utunzaji huo.

Kuhusu fedha, tangazo lisomwe hadi mwisho. Katika nchi kama Ujerumani na Uholanzi mtafiti wa uzamivu mara nyingi huajiriwa na kulipwa mshahara, ilhali kwingine hutakiwa kuja na ufadhili wake. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hupokea waombaji wa uraia wowote, mradi kwa kawaida mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia kuajiriwa kwake.

Kwako Mhariri, naomba kwamba mnapochapisha matangazo ya masomo mtaje pia kiumbe kinachochunguzwa na chanzo cha fedha, kwa sababu jina la chuo na tarehe ya mwisho pekee havimsaidii mwombaji kujua kama nafasi hiyo inamfaa.

Wako,
Mtafiti wa baiolojia ya kuvu