Njia ya diko itengenezwe na anayepokea ushuru

Mhariri,

Kila masika, madikoni, yaani mahali mashua zinapofikia na kushusha samaki, Mtwara na Mikindani hurudi swali lilelile: nani atengeneze njia ya kushukia pwani? BMU, yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi, zinazotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, ziachiwe usafi, kuzibua mitaro na kupanga viroba vya mchanga. Mteremko wa zege ni jukumu la halmashauri. Ushuru wa samaki unaingia kwake.

Na kazi isilipuliwe. Mchanga wa baharini una chumvi: nondo hushika kutu, huvimba, zege linapasuka. Utumike wa mtoni, na nondo zifunikwe angalau sentimita 5. Kitako, yaani ncha ya chini ya mteremko, kisimwagwe palepale, maana maji hurudi baada ya saa 6 hivi na kulisomba zege bichi. Slabu zake zimwagwe nchi kavu, zinyweshwe maji ya bomba siku 7, kisha zipangwe wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Kitako kikiishia juu ya usawa wa maji kupwa, mawimbi ya kusi huchimba mchanga chini yake, ncha inabaki ikining'inia. Hapo ndipo mashua hutoboka na wachukuzi wa matenga huteguka miguu.

Halmashauri itenge fungu la ukarabati kabla kusi haijaanza.

Msomaji,
Mikindani, Mtwara