Jumapili nzima kwa moto mmoja

Mhariri,

Mkaa ukipanda bei tunalalamika, na ni haki yetu. Lakini pita uani Jumapili asubuhi: jiko limewashwa saa moja kwa ajili ya chai, likaachwa lizimike. Saa nne linawashwa upya kwa ajili ya nyama, na jioni tena kwa pasi. Kila kuwasha kunakula mkaa kabla sufuria haijapata joto. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Hadi hapo, mtungi mdogo wa gesi katika nyumba nyingi ni wa chai na kupasha kiporo, na pilau ya wageni bado ni ya mkaa. Moto mmoja uliopangwa vizuri unamaliza kazi zote hizo.

Nguo zilowekwe kabla ya kiberiti kuwashwa: nyeupe peke yake, na khanga mpya peke yake kwenye maji baridi, maana inatoa rangi. Zitakuwa zinajilainisha wakati mikono iko jikoni.

Jiko la udongo liwashwe kama saa tatu. Vifuu vya nazi au vibanzi vikavu vinatosha. Wanaowashia vifungashio vya plastiki waache; moshi wake ni sumu na harufu inabaki kwenye chakula. Subiri dakika 15 hadi 20, mkaa uwe mwekundu na kingo zianze kuwa na majivu meupe. Ukibandika mapema, mkaa mbichi utatoa moshi na chai itanuka.

Moto mkali wa mwanzo ni wa vitu viwili. Kwanza maji ya chai, yaingie kwenye chupa moja kwa moja; mgeni wa saa kumi akipiga hodi, chai ipo na jiko halihitajiki. Pili maharage ya Jumatatu, yaliyolowekwa tangu Jumamosi usiku. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 20. Hapa pasifanyiwe mzaha, kwa sababu maharage mekundu yana sumu inayoondolewa na mchemko mkali tu, si joto la polepole. Kisha funika sufuria ikiwa bado inatokota, iingie kwenye kapu lililosheheni matambara na blanketi kuukuu, ufunge kila upande. Baada ya muda wa saa nne yatakuwa yamelainika bila hata kipande cha mkaa. Chumvi na nyanya ni za mwisho, kwa sababu nyanya ikitangulia maharage yanakaza ganda. Na yasilale humo usiku kucha, yatachacha.

Sasa nyama. Kwa kilo moja ya mchele, robo tatu kilo ya nyama yenye mifupa inalisha watu wanane. Ichemke saa moja au zaidi kwa chumvi na tangawizi. Mkaa wa nyongeza utiwe wakati huu nyama ikiwa inachemka, si wakati wa kukaanga, maana mkaa mpya hupooza moto kwa muda na vitunguu vitachemka ndani ya mafuta badala ya kukauka.

Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu. Nyanya ya kopo haihusiki, manjano ndiyo kabisa. Kata vitunguu vitano vikubwa, vyembamba na vya unene mmoja, ukaange kwenye robo tatu ya kikombe cha mafuta kwa kama dakika 15, ukigeuza. Vikifika rangi ya gamba la mdalasini usigeuke hata kuitikia salamu: tia hapo hapo kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Maji yake yanazuia vitunguu visiungue. Vikishapita hapo vinakuwa vichungu, na sukari haitaficha. Fuatisha vijiko viwili vya chakula vya binzari nyembamba, nusu nzima nusu ya kusaga, pilipili manga kijiko cha chai, iliki nane, karafuu sita na vijiti viwili vya mdalasini. Mimina supu nusu kikombe, vuruga mpaka vitunguu viachie rangi, ndipo nyama na viazi viingie.

Kosa kubwa liko kwenye kipimo cha supu. Kilo ya mchele ni kama vikombe vitano. Mchele mpya wa msimu unataka supu vikombe saba. Wa mwaka jana vikombe nane, hata tisa. Ukiwa umelowekwa nusu saa, punguza kimoja. Muuza mchele anajua wa kwake ni upi, kwa hiyo aulizwe. Supu ikipungua, ongeza maji ya moto, kwani ya baridi yanakatisha mchemko, punje inavimba nje na kiini kinabaki kigumu. Onja kabla ya kutia mchele: supu iwe imezidi chumvi kidogo, mchele utaipunguza.

Supu ikizama na vishimo kuonekana juu ya mchele, geuza mara moja kutoka chini, funika, kisha ondoa makaa chini ukibakiza matatu manne. Mengine yote yapande juu ya mfuniko. Dakika 25, bila kuchungulia. Mfuniko uwe wa bati bapa usio na kishikio cha plastiki. Kabla ya kufunua, kung'uta makaa yote na ufute majivu kwa kitambaa kibichi, la sivyo safu ya juu ya pilau itakuwa na mchanga mdomoni. Wageni wakizidi, usiongeze mchele kwenye sufuria iliyoiva. Ongeza mayai ya kuchemsha, ndizi na kachumbari, ambayo chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kupakua tu, vinginevyo inalia maji.

Makaa yaliyoshuka kwenye mfuniko ndiyo ya pasi ya mkaa. Yajazwe nusu, kile kijogoo cha kufungia kibanwe sawasawa, na pasi ipitishwe kwanza kwenye tambara bichi, maana majivu hutoka matunduni na shati jeupe la shule ndilo huyapata. Mvua ikinyesha, kazi hii ifanyiwe barazani. Jiko lisiingizwe chumbani, hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Yanayobaki yanatosha kupasha maji ya kuoshea vyombo.

Mpishi wa shughuli,
Tanga