Mgombea binafsi: Mahakama iliishia njiani

Ndugu Mhariri,

Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Tanzania ilimpa Mchungaji Christopher Mtikila haki ya kugombea bila chama. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba kuizuia. Akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Kisha mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakatengua: suala ni la kisiasa, waamue wabunge; mahakama haiwezi kufuta ibara iliyopitishwa kwa kufuata Ibara ya 98, inayoeleza jinsi Bunge linavyobadili Katiba.

Nakubali kwamba jaji hatungi Katiba. Lakini mbunge wa jimbo hawezi kuingia bungeni bila tiketi ya chama, na ndiye anayeulizwa kama asiye na chama aruhusiwe kushindana naye! Hiyo ni kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa nchini, jijini Arusha, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za Mtikila. Mtikila alifariki mwaka 2015. Chaguzi tatu kuu zimepita tangu hukumu hiyo, mgombea binafsi hayumo. Serikali ipeleke bungeni muswada wa kurekebisha Ibara za 39 na 67, zinazomtaka mgombea urais na ubunge awe na chama.

Msomaji wako,
Dodoma