Pampu kubwa si lazima iwe bora kwa samaki wa nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wauzaji wa samaki wa mapambo, pamoja na wateja wao, kwamba nguvu ya pampu hupimwa kwa mahitaji ya samaki. Niliponunua tangi la lita 60 niliuziwa pampu ya kusukuma lita 1,000 kwa saa, yaani maji yote yalizungushwa zaidi ya mara 16 kila saa, na samaki wangu aina ya beta, mwenye mapezi marefu mithili ya kanga iliyotandazwa, akawa anashinda amejibanza pembeni, akihangaika kuufikia uso wa maji ambako huvuta hewa.

Samaki huyu, ambaye asili yake ni madimbwi na mashamba ya mpunga ya Thailand, hapendi mkondo mkali. Pampu ndogo ya hewa inayoendesha chujio la sifongo inamtosha, kwa kuwa viputo hupandisha maji polepole na bakteria wanaobadilisha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, hustawi ndani ya sifongo hiyo hiyo. Anayeshikilia pampu ya maji achague ya lita 200 hivi kwa saa na aelekeze mdomo wa pampu hiyo kwenye kioo cha tangi.

Jambo ambalo sikuambiwa dukani ni kwamba pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, au mpira wake ufungwe vali ya kuzuia maji yasirudi, maana umeme ukikatika (nasi tunajua unavyokatika) maji yanaweza kurudi hadi ndani ya pampu, kisha sakafuni.

Msomaji wako,
Tanga