Dawa haitolewi kwa sauti ya WhatsApp

Mhariri,

Nilikuwa muuguzi hapa Tanga hadi nilipostaafu, na sasa nipo Ngamiani, nyumbani. Simu yangu haipoi. Watoto wa wadogo zangu wananiuliza kutoka Muscat, Oman, na Columbus, Marekani, na shoga zao nao wamepewa namba. "Shikamoo mama mkubwa, mwili wote unaniuma na homa haishuki, ninywe nini?" Najua kwa nini wananikimbilia: daktari wa huko anaongea haraka, miadi iko mbali, na bili inatisha. Hata hivyo siwezi kumtibu mtu nisiyemwona, anayemeza dawa ambazo boksi lake sijalisoma.

Kinachoninyima usingizi ni dawa ya kawaida kabisa, parasetamo. Marekani kwenye boksi huandikwa acetaminophen, nayo imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu ametoka huku na Panadol, ambayo ndiyo parasetamo, begini, anameza mbili kwa ajili ya homa, halafu jioni ananunua dawa ya mafua ya huko na kuinywa juu yake, asijue kwamba ni dawa ileile kwa mara ya pili. Mtu mzima asivuke gramu 4 katika saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500; mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana amuulize daktari kwanza, maana kiwango chake huenda kikawa cha chini zaidi. Ubaya ni kwamba aliyezidisha anaweza kushinda siku nzima na kichefuchefu tu, au bila dalili yoyote, na huku ini linaharibika. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Saa hizo zisipotee kwa kusubiri mimi niamke! Aliyeko Marekani apige kituo cha sumu, 1-800-222-1222, bure, usiku na mchana, na aombe mkalimani. Uingereza ni 111.

Hospitalini nako aombe mkalimani. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumpatia bila malipo. Inaniuma kusikia mtoto wa shule ya msingi ndiye anayemtafsiria mama yake habari za damu na uzazi.

Nasi wa huku tuache kufunga vidonge kwenye mfuko wa nailoni usio na jina na kumkabidhi msafiri. Falme za Kiarabu zinabana sana kodeini na tramado, dawa kali za maumivu. Mbebaji anaweza kuishia mahabusu. Dawa ikae kwenye boksi lake, cheti cha daktari kiwe pamoja nayo, na msafiri aulize ubalozi kabla ya kuondoka.

Kuhusu video zinazosambazwa, za mtu kavaa koti jeupe akiwaambia wenye kisukari waache vidonge wanywe mwarobaini, nawasihi wanangu wasizifuate. Anayetaka kusoma afungue MedlinePlus, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina kurasa za Kiswahili.

Mhariri, gazeti lako husomwa na hao walioko nje. Naomba ukurasa wa afya uwe na kisanduku kila wiki: dawa moja, jina lake halisi, majina inayouzwa nayo huku na huko, kiwango kisichovukwa, na dawa zisizopatana nayo. Muanze na parasetamo.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga